Nyimbo zimebaki kwa produza, mimi niko Nairobi: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mpiga gitaa la solo na mtunzi, natoka Uvira. Niko Nairobi mwaka wa pili na nimeshapewa hadhi ya mkimbizi. Nyumbani bendi yetu ilirekodi nyimbo 14. Nyingi nilizitunga mimi na nikaziandikisha SOCODA, shirika la hakimiliki la Kongo. Produza alizipandisha mtandaoni kwa akaunti yake na mpaka leo pesa zinaingia kwake. Hapa napiga kopi, yaani nyimbo za wengine, hotelini wikiendi, nalipwa mkononi. Nirekodi zote upya? Nijiunge na shirika la mirabaha la huku? Na promota mmoja wa Ulaya ananiambia nikachukue pasipoti mpya ubalozini kwetu ili nikapige tamasha lake. Niende?

Jibu: Ndugu, ubalozini usiende bado, sababu iko mwishoni. Na studio nayo ingoje. Wanamuziki wengi waliohama nchi nyimbo zao zinapigwa, ila hela haziwafikii kwa sababu jina la kwenye kitambulisho, la SOCODA, la mtandaoni na la M-Pesa ni kama ya watu wanne tofauti.

Anza hapo. Kongo mtu huandikwa majina matatu, na mpangilio wake hupinduliwa ovyo anapoandikishwa Kenya. Chukua kitambulisho chako cha mkimbizi kiwe ndiyo kipimo. Kama kina kosa la herufi, lisahihishwe kwanza na idara ya wakimbizi (DRS), kabla hujaomba PIN ya KRA (namba ya mlipakodi Kenya) wala kufungua akaunti, maana kosa hilo hilo litanakiliwa kote. Kama laini yako ya M-Pesa iko kwa jina la rafiki, tafuta yako. Mkizozana, pesa ni ya mwenye jina.

Kisha tengeneza jedwali la nyimbo 14, mstari mmoja kila wimbo: jina kama lilivyoandikwa SOCODA, watunzi na asilimia ya kila mmoja, waliopiga, mwaka, na nani alilipa studio. Ongeza namba ya ISRC, ambayo ina herufi na tarakimu 12 na hutambulisha ile rekodi yenyewe popote inapopigwa. Ipo hifadhi ya ISRC mtandaoni ya kutafutia bure kwa jina la msanii na la wimbo. Usiichanganye na ISWC, inayotambulisha utunzi, wala IPI, ambayo ni namba yako wewe mtunzi na inakufuata hata ukihama shirika. Ulizia IPI yako SOCODA. Asilimia za watunzi wenzako waziandike na kuzikubali kwa maandishi; ujumbe wa WhatsApp wenye jina la wimbo, asilimia na tarehe unatosha kuanzia. Ujumbe wa sauti ni dhaifu, kwani simu ikipotea nao umepotea.

Sasa produza. Hapa kuna mali mbili. Utunzi ni wako na wenzako. Masta, yaani rekodi yenyewe, kwa kawaida humwendea aliyegharamia na kuandaa kurekodi, isipokuwa mkataba useme vingine. Kama yeye ndiye aliyelipa studio, ukidai masta yote utashindwa. Ukilalamika kwa msambazaji, yaani kampuni inayozipeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, hatahukumu nani mwenye haki: atasimamisha malipo au atauondoa wimbo, na wote wawili mtakosa. Mimi ningemwandikia produza ombi dogo analoweza kulikubali: akaunti abaki nayo, ila awashe mgawanyo wa malipo ili fungu lako lije moja kwa moja kwako. Wasambazaji wengi wana kipengele hicho. Ataje pia majina ya watunzi sawasawa. Barua ya madai iwe silaha ya pili.

Akikubali kukuachia nyimbo, msifute kwanza. Kosa hili limewagharimu wengi. Pandisha nyimbo kwenye akaunti yako ukitumia faili ile ile ya sauti ya WAV, ISRC zile zile na jina la bendi herufi kwa herufi. Subiri nakala zote mbili zionekane na idadi ya wasikilizaji iungane, ndipo ya zamani iondolewe. Ukibadilisha ISRC au ukafuta mapema, hesabu inaanza sifuri na orodha za watu mlizokuwemo zinawatoa.

Kurekodi upya kuna maana pale tu produza anapogoma kabisa. Angalia mkataba kama unakuzuia kurudia nyimbo hizo kwa miaka fulani. Rekodi mpya ni masta mpya na inahitaji ISRC mpya. Ukiipa ya zamani, pesa yako itaendelea kumfuata yeye. Tena usirudie zote 14. Chagua tatu au nne ambazo watu bado wanaziomba, lipa wapigaji, na waweke sahihi karatasi ya mgawo (nani anapata asilimia ngapi) kabla hawajafungasha vyombo.

Kuhusu shirika la mirabaha: haki za utunzi, za mpigaji na za mwenye masta hukusanywa kila moja peke yake, nawe unahusika na mbili za kwanza, hata ya tatu ukirekodi mwenyewe. Nchini Kenya mashirika haya yamevutana sana juu ya leseni, kwa hiyo usijaze fomu kwa kuambiwa na mwenzako wa bendi. Uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki, nani ana leseni mwaka huu na kwa haki ipi. Hatari kubwa kwako ni kuandikisha utunzi ule ule kwa mashirika mawili yanayodai eneo moja, kwa sababu malipo huzuiwa pande zote. Kwanza iandikie SOCODA uulize uliikabidhi nchi zipi, na kama unaweza kuiondolea Kenya au kujitoa kabisa. Jibu likija kwa maandishi, lihifadhi.

Wakongo waliohamia Marekani ni wengi, na wanasikiliza muziki wa nyumbani. Huko shirika la MLC hulipa watunzi mirabaha ya kunakili kwenye majukwaa ya kusikilizia, na SoundExchange hulipa wapigaji na wenye masta kwa redio za kidijitali. Yote mawili kujiunga ni bure. Utadaiwa fomu ya kodi W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo hukatwa 30% ya kile kilichotoka Marekani tu. Usipotoa taarifa za kodi YouTube, wanaweza kukata mpaka 24% ya mapato yako ya dunia nzima.

Kodi ya Kenya nayo ina mtego. Promota anaweza kukukata 20% kwa kuwa "ni mgeni". Kiwango hicho ni cha msanii asiye mkazi. Aliyekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka ni mkazi kikodi, hata kama ni mkimbizi, na makato ya mkazi kwa mirabaha ni 5%. Mwonyeshe PIN yako. Kibali cha kazi cha mkimbizi ni daraja M, na hakilipiwi. Atakayekutajia bei anakuibia. Hotelini nako, omba nusu saa ya nyimbo zenu katikati ya kopi. Mji huu uliwalea Super Mazembe na Les Mangelepa, bendi za Wakongo, watu hawatakimbia wakisikia sebene wasilolijua.

Na pasipoti. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ibara ya 1C, unasema hadhi inaweza kukoma ukijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia, na kuchukua pasipoti yake mpya ndiyo ishara inayotazamwa kwanza. Omba badala yake hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile ya ibara ya 28, kupitia DRS. Inachukua muda, kwa hiyo mwambie promota akutumie sasa barua ya mwaliko yenye tarehe, malipo na nani analipa tiketi na malazi, nayo uiambatanishe na ombi. Kisha ulizeni ubalozi wa nchi ya tamasha kama wanapokea hati hiyo kwa viza kabla hamjakata tiketi. Promota akisema hawezi kusubiri hati, mwache atafute mpiga solo mwingine.