Kuzimia kwenye kiti cha meno: ni ganzi au ni hofu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilikwenda kung'oa gego. Nilipochomwa tu sindano ya ganzi, kijasho chembamba kilinitoka, macho yakaingiwa na giza, nikazimia. Nilizinduka muda si mrefu. Nyumbani wanasema damu yangu haipatani na ganzi. Sasa gego jingine limetoboka na linauma usiku. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwa unavyoeleza, inaelekea zaidi kuwa ni hofu. Mzio wa lidokeini, ganzi inayotumika sana kwenye meno, ni nadra mno, nao huja na vipele, mwasho, midomo kuvimba au kifua kubana. Hayo hukuyataja.

Ukiogopa, mwili humwaga adrenalini: moyo hudunda mbio, presha hupanda, mdomo hukauka. Kisha kwa baadhi ya watu, sindano ikiingia, mambo hugeuka ghafla. Neva inayotoka ubongoni kwenda moyoni hupunguza mapigo, mishipa ya damu hulegea, damu hutuama miguuni, na ubongo hupungukiwa. Njaa na joto huzidisha. Wengi huja bila kula wakidhani ganzi inataka hivyo. Ganzi ya kuchomwa mdomoni haitaki. Kula saa moja au mbili kabla, kunywa maji, na kama una dawa za presha usiziruke.

Mweleze daktari yaliyokupata kabla hajashika sindano, na umwombe akilaze kiti kwanza, kwa kuwa aliyelala hazimii kirahisi. Ukihisi dalili, kaza mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, legeza sekunde 20, urudie mara tano. Usiheme haraka haraka. Kuhema kupita kiasi hutia ganzi vidole na midomo, na hapo ndipo watu hulaumu dawa. Moyo kwenda mbio dakika chache baada ya sindano nako si mzio: ganzi nyingi huwa na adrenalini kidogo.

Ukizimia tena, ulazwe chali, miguu iinuliwe, usinyweshwe kitu, na ukizinduka uketi polepole. Asiyezinduka ndani ya dakika moja au mbili, au anayepumua kwa shida, huyo ni dharura.

Gego usilisubirishe. Likitunga usaha, penye usaha pana tindikali, na ganzi hushika kwa tabu. Nenda wiki hii, asubuhi, kabla hujashinda kutwa ukiliwazia.