Mbwa kukohoa miezi mitatu: si pumu

Umeuliza kama mbwa wako anayekohoa miezi mitatu sasa ana pumu, na kuna aliyekushauri umpe ibuprofeni, dawa ya maumivu ya binadamu. La, hiyo si pumu. Pumu ya kweli ni ya paka zaidi. Mbwa anayekohoa miezi miwili na kuendelea, kikohozi kikavu kinachoishia kutaka kutapika kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, mara nyingi ana mkamba sugu: njia za hewa zimevimba na hazirudi kama zamani, ila dawa humpa nafuu kubwa. Namsaidia daktari wa mifugo hapa Malindi na tunawaona mbwa kama hao, hasa wazee na wanene wanaolala jikoni penye moshi wa makaa. Mtoe huko, mpunguze uzito, na badala ya ukanda wa shingo mvishe wa kifuani. Lakini pwani kwetu mbu ni wengi, na minyoo ya moyo wanayoieneza huleta kikohozi vilevile, kwa hivyo apimwe damu kwanza. Mhesabie pumzi akiwa usingizini: zikizidi 30 kwa dakika kila ukihesabu, mpeleke kesho, ufizi ukigeuka buluu, mpeleke sasa hivi. Na ile ibuprofeni uliyoshauriwa, tafadhali usimpe, inaharibu tumbo na figo za mbwa.