Vichupa viwili, slaidi sita: nidai mara ngapi?

Swali: Ninafanya kazi katika kitengo cha madai cha hospitali moja hapa Dodoma, na kwa sasa ninajifunza misimbo ya CPT, yaani namba za kudai malipo ya huduma za tiba zinazotumika Marekani. Katika zoezi moja, mgonjwa ametolewa vinyama vya utumbo mpana vilivyofika maabara katika vichupa viwili. Cha kwanza kina vipande vitatu, cha pili kimoja, na zimetengenezwa slaidi sita. Nidai mara ngapi? Je, misimbo hiyo naweza kuitumia kwa madai ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya)?

Jibu: Ndugu msomaji, utadai 88305, msimbo wa uchunguzi wa tishu kama hizi kwa hadubini, mara mbili, mradi vichupa vina lebo za sehemu tofauti za utumbo na ripoti imetoa majibu ya kila kimoja peke yake. Kinachohesabiwa ni sampuli, yaani tishu iliyoletwa ili ichunguzwe na kujibiwa yenyewe. Idadi ya vipande, bloku za nta zinazoshika tishu au slaidi haiongezi chochote. Kwa hiyo vile vipande vitatu vya kichupa kimoja ni sampuli moja. Hata hivyo, daktari akiweka tishu mbili katika kichupa kimoja, moja akaifunga uzi wa alama na kueleza kwenye fomu ilikotoka, na ripoti ikajibu kila moja, hizo ni sampuli mbili.

Zingatia pia ngazi za uchunguzi wa tishu, ambazo ni sita (88300, 88302, 88304, 88305, 88307 na 88309), kwa sababu kiungo kimoja kinaweza kuangukia ngazi tofauti. Biopsi (kipande kidogo cha tishu) ya titi isiyohitaji uchunguzi wa kingo, yaani pembezoni pa tishu iliyokatwa, ni 88305. Uvimbe uliokatwa ukahitaji kingo zake zichunguzwe ni 88307. Titi lote likiondolewa pamoja na mitoki ya kwapa ni 88309, na mitoki hiyo haidaiwi tena kando. Kidole tumbo kilichoondolewa tu wakati wa upasuaji mwingine ni 88302, lakini kilichoondolewa kwa kuugua ni 88304. Ndiyo maana ninakusihi usome fomu ya daktari wa upasuaji na maelezo ya sampuli ilivyoonekana kwa macho kabla hujatazama jina la ugonjwa.

Kuhusu NHIF, usiitumie kabisa misimbo hiyo. Mfuko una orodha yake ya huduma na bei, na kipimo cha tishu hudaiwa kwa msimbo ulioandikwa humo.