Intavyuu ya ushauri wa kiufundi ikiwa kesho kutwa

Kwenye intavyuu ya ushauri wa kiufundi, yaani kazi ya kuwasaidia wateja na mifumo yao ya kompyuta, waajiri wanapima zaidi unavyomhoji mteja kuliko unavyoandika programu, kwa hiyo hizo siku mbili ulizobakiwa nazo usizimalizie kwenye maswali ya algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa programu). Nimekaa sana upande wa wanaouliza, na swali linaloangusha wengi ni lile la mfano, unaambiwa mfumo wa mteja unasuasua, utafanyaje, mtu anarukia palepale kuongeza seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) wakati hajauliza hata tatizo limeanza lini, linawapata watumiaji wote au baadhi, na kabla ya hapo kulibadilishwa nini. Ukianza na hayo matatu halafu ukasema unaenda kuangalia logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) na maombi ya data yanayochukua muda mrefu kwenye databesi, tayari wameona unaijua kazi.

Leo usiku chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila teknolojia waliyoitaja, na zile ambazo na wewe umeziweka kwenye sivii hakikisha unaweza kueleza ulizitumia wapi na kwa nini hukuchagua kitu kingine, hapo ndo wanachimba kwelikweli. Andaa na stori mbili za miradi, moja iwe ya mradi uliokwama, uzisimulie kwa sauti mpaka mtu asiye wa kompyuta akuelewe.

Ila kama wametaja jaribio la kuandika programu, watumie imeili leo uulize ni lugha gani na dakika ngapi, hilo ni swali la kawaida kabisa na wanalijibu.