Thina ya gari imekunja bawa la modeli

SWALI: Fundi, shikamoo. Napulizia modeli ya plastiki ya ndege ya kivita Spitfire, ukubwa wa 1/72, kwa brashi ya hewa. Rangi ni enameli (rangi ya mafuta) ya kampuni ya Humbrol, namba 30, kijani iliyokolea. Nilichanganya nusu kwa nusu na thina ya duka la rangi za magari. Mara ya kwanza ilitoka chengachenga kama mchanga. Kwa kopo hilohilo na kipimo kilekile, mara ya pili ikatiririka, na bawa likafanya makunyanzi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Makunyanzi hayo si ya rangi, ni bawa lenyewe limeanza kuyeyuka. Thina ya magari ni kali, inakula polistirini, yaani plastiki ya modeli. Thina yako iwe waiti spiriti. Mafuta ya taa usiyajaribu: yanachanganyika vizuri, lakini hayakauki upesi na rangi hubaki ikinata.

Chenga na kutiririka vimetoka kwenye kopo. Namba 30 haing'ai, na unga wa rangi za namna hiyo hutulia chini ukawa mashapo mazito. Kutikisa hakutoshi. Mimi hukoroga dakika tano nzima kwa kijiti bapa, nikikwangua pembe za chini mpaka kijiti kisitoke na donge. Usipokoroga, leo unachota mafuta ya juu, kesho uji wa chini, na hiyo nusu kwa nusu yako haina maana.

Anza na rangi sehemu mbili, thina moja, ndani ya kikombe cha kioo. Kiinamishe: ikishuka kama maziwa na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, iko tayari. Ikishuka kama mtindi, ongeza thina kwa matone. Ikikimbia kama maji, rudisha rangi.

Puliza kwa shinikizo la hewa la psi 15 hadi 20, umbali wa kama sentimita 10. Pita ya kwanza iwe vumbi tu, plastiki ionekane. Fungua madirisha, zima jiko, na uvae barakoa yenye katriji za mvuke. Ya kitambaa haisaidii kitu.

Kama utapaka mabaka ya rangi mbili, kijani na udongo, ningekuwa mimi ningetanguliza ile ya udongo, namba 29, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Ngoja siku nzima kabla ya kubandika utepe wa kuikinga ili upulize ya pili: thina huvuka mapema, lakini enameli hukomaa polepole kwa kuvuta oksijeni.

Bawa lililoharibika liache siku mbili ligande, kisha lisugue kwa msasa wa maji namba 800. Mistari ya maungio ya mabati itakayofutika utaichonga upya kwa ncha ya sindano.