Mrushaji Aliyekatika Kidole

SWALI: Katika kitabu cha zamani cha michezo nimeona picha ya mkono wa Mordecai Brown, mrushaji wa besiboli wa Marekani. Kidole cha shahada kimekatika, cha kati kimepinda. Mwanangu anashikilia kwamba bila ajali ile Brown asingesikika kabisa. Je, ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao ana nusu ya ukweli. Nusu ya pili naitetea kila nikutanapo na hadithi hii.

Brown alizaliwa Oktoba 1876 huko Nyesville, Indiana. Mwaka huo Marekani ilitimiza miaka 100, ndiyo maana kati ya majina yake lipo la Centennial. Akiwa mtoto mdogo alitia mkono wa kulia kwenye mashine ya kukatia majani ya mifugo, kidole cha shahada kikabaki kigutu. Hata hajapona sawasawa, akaanguka na kuvunja vidole vingine, navyo vikaunga vibaya.

Sasa tuje kwenye mpira. Mrushaji wa kawaida huushika kwa kidole cha shahada na cha kati, navyo ndivyo vinavyousokota unapomtoka mkononi. Kwa Brown, kigutu na kidole kilichopinda viliupa msokoto ambao wapigaji hawakuuzoea. Mpira ulikuja vizuri, kisha ukadidimia ghafla ulipokaribia gongo. Wengi waliugonga utosini ukabiringika chini, wakatolewa kirahisi. Hapo mwanao yuko sahihi.

Lakini kigutu hakimfundishi mtu kulenga. Brown alifanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe na kuchezea timu za wachimbaji, na mwanzoni hata hakuwa mrushaji. Alilinda kituo cha tatu, kimojawapo cha vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvigusa kwa zamu ili apate alama. Alifika ligi kuu mwaka 1903, na timu ya St. Louis, akiwa na miaka 26. Baada ya msimu mmoja tu wakamwachia aende Chicago Cubs, uamuzi ambao mpaka leo unanishangaza. Mwaka 1906 alishinda michezo 26 na kupoteza 6. Ukiacha mikimbio, yaani alama, iliyotokana na makosa ya wenzake, wapinzani walipata kwake wastani wa 1.04 tu kwa kila vipindi tisa, yaani mchezo mzima. Usahihi wa namna hiyo hutafutwa kwa miaka.

Ningependa mwanao asome hasa habari za Oktoba 8, 1908. Cubs na Giants wa New York walikuwa wamelingana kileleni, na ikabidi warudie mchezo mmoja wa Septemba ulioishia kwenye mabishano, kijana Fred Merkle wa Giants alipoacha kugusa kituo cha pili. Uwanja wa Polo Grounds ulifurika watu wenye hasira. Brown alisimulia baadaye kwamba alikuwa amepokea barua za kutishiwa kuuawa. Mrushaji aliyeanza, Jack Pfiester, alielemewa katika kipindi cha kwanza tu. Brown akaingia, akamalizia mchezo wote, na Cubs wakashinda 4–2 dhidi ya Christy Mathewson, mrushaji aliyeheshimiwa kuliko wote New York. Niambie, kidole gani kinampa mtu moyo ule?

Siku chache baadaye Cubs waliifunga Detroit wakawa mabingwa, Brown akishinda michezo miwili. Hawakulipata tena taji hilo hadi 2016. Nilikuwa naishi Chicago mwaka ule, na usiku wa ushindi nililitaja jina la Brown kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Yeye na Mathewson walikutana mara ya mwisho Septemba 1916, mikono yote miwili imechoka. Mathewson, wakati huo akiwa na timu ya Cincinnati, alishinda 10–8, na hakuna kati yao aliyecheza tena ligi kuu. Brown aliondoka na ushindi 239. Alifariki Februari 1948, akaingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli mwaka 1949. Inaniuma sana kwamba walichelewa.