Kukamua mboji ya kinamasi: kina kisikudanganye

Mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye maji, ile ambayo Wanyarwanda huiita nyiramugengeri, wengi huichukulia kama lundo la samadi: ukizidi kuchimba, unakuta iliyooza zaidi. Mara nyingi ni kweli, ila si sheria. Sehemu kubwa ya kuoza hufanyika juu ya usawa wa maji, ambako hewa inafika na kuvu wanafanya kazi. Ndani ya maji oksijeni husambaa polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Jani likishazama haliachi kuoza, ila huoza kwa kujikokota, na methani ni mojawapo ya gesi zinazotoka. Kwa hiyo swali si jani liko kina gani, bali lilikaa muda gani hewani kabla ya kuzama.

Kuchukua sampuli, keekee ya Kirusi ndiyo bora: ina chemba ya nusu mduara, kwa kawaida ya sm 50. Ishushe ikiwa imefungwa, izungushe nyuzi 180, ivute. Usiendelee kwenye tundu lilelile, maana ncha imeshavuruga mboji ya chini yake. Toboa matundu mawili yaliyoachana kama sm 30, uchukue kwa zamu, na mwisho wa kipande na mwanzo wa kinachofuata viingiliane sm 10.

Rangi iandikwe papo hapo. Mboji ya chini hutoka ya hudhurungi, na ikipigwa na hewa huanza kuwa nyeusi ukiitazama. Anayesubiri hadi anywe chai anaandika rangi nyingine.

Halafu kamua, kwa kipimo cha Msweden von Post, kutoka H1 (haijaoza) hadi H10 (imeoza kabisa). Chukua donge bichi la ukubwa wa yai, ondoa mizizi hai (hiyo imeshuka kutoka juu na huifanya mboji ionekane changa), fumba ngumi. Maji maangavu kabisa: H1. Maji ya tope bila mboji kupenya vidoleni: H4. Ikipenya theluthi, H6, nusu, H7, yote, H10. Donge lililokauka au lililokwisha kukamuliwa halifai, kwa kuwa hupenya kidogo na kukupa namba ndogo.

Ukipata H7 juu na H3 chini, usifute. Huenda tabaka la chini lilizama haraka enzi za mvua nyingi. Lakini kama H7 iko kwenye sm 30 za juu na inavunjikavunjika kama chicha, tafuta kwanza mfereji jirani, maana huenda umeshusha maji na kuingiza hewa, kisha pima usawa wa maji mwishoni mwa kiangazi, si siku mbili baada ya mvua.